Sheng: tuliikataa lugha ya mkoloni, au tulinyimwa tu?

#1 Mwana_wa_Ziwani
Niaje wanauzi. Jana jioni nilikuwa ndani ya mathree (matatu) ya Buruburu, laini ya 58. Kiti cha nyuma yangu walikuwa watoto wawili wa shule, sare bado mwilini. Mmoja akatamka neno la mtaa, mwenzake akamziba mdomo: "Wee, odijo akikuskia!" Shule ilishafungwa, mwalimu hayuko hata kwa gari, na bado mtoto anaogopa.

Nikaikumbuka diski. Waliosoma Eastlands, hapa Nairobi, miaka ya themanini wanaijua: kipande cha mbao kama kiganja, tundu juu, kamba ya katani. Ukishikwa unaongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, au lugha ya nyumbani siku yoyote ile, unavishwa. Unaificha ndani ya shati, halafu kazi yako inakuwa kutega sikio hadi mwenzako ateleze umpokeze. Ijumaa mwalimu anaanza na aliye nayo: nani alikupa? Na yeye alipewa na nani? Anarudi nyuma hivyo hivyo hadi Jumatatu. Foleni inafika mlangoni, na kiboko kinatembea.

Mimi naamini Sheng, lugha yetu ya mitaani Nairobi, ilitoka hapo. Tuliambiwa Kiingereza ndiyo akili. Tukakichukua, tukakivunja, tukakivisha viambishi vyetu. Mother akawa mathe, cage ikawa keja, best akawa beshte. Wanaoita huo uvivu wanatukosea sana. Watoto wa vibarua wa reli na wa halmashauri ya jiji walikuwa wanakataa kutawaliwa midomo. Sheng ilianza miaka ya sabini, wakati huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o alipoamua kuandika kwa Gĩkũyũ, na yeye mwenyewe alivishwa kibao shuleni. Vijana wa Dandora na wa Mombasa walipoungana kurap baadaye hawakujiita Ukoo Flani Mau Mau bure.

Mnasemaje?

#2 Mwalimu_wa_Bungoma
Mada nzito, asante. Turekebishe mawili mapema.

Ngũgĩ hakusema yeye ndiye aliyevishwa. Alieleza yaliyowapata wanafunzi walioshikwa wakiongea Gĩkũyũ baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952 na serikali ya kikoloni kuzitwaa shule zao. Wengine walichapwa, wengine wakaning'inizwa bamba shingoni lenye maneno ya kuwaita wajinga au punda. Na lilikuwa bamba la chuma.

Pili, miaka ya sabini ndipo Sheng iliposikika nje ya mitaa na kupata jina. Mtaalamu wa lugha Alamin Mazrui anataja lugha ya siri ya wezi wa Nairobi tangu miaka ya 1930. Hao walikuwa wanamkwepa askari, hawakuwa na habari na darasa la Kiingereza.

Nina miaka 19 nikifundisha Kiswahili. Kwenye insha mtoto ananiandikia "tulikuwa tunaendanga kwa soko". Napiga mstari mwekundu kwa sababu mtihani unanitaka nipige, na kila mara mkono unakuwa mzito. Hiyo -anga haikutoka kijiweni. Kwetu katika Lubukusu ndivyo kitendo cha kila siku kinavyosemwa, na Mkikuyu naye ana yake ya -aga. Ni sarufi ya nyanya yake ambayo imepanda basi ikaja mjini. Sasa huyo mtoto anapinga nani?

#3 Mzee_wa_Pumwani
Vijana wangu, nimesoma yote. Nimezaliwa Pumwani kabla ya uhuru, naomba mnisikilize kidogo.

Baba yangu alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja huko Muthaiga. Alijua Kiingereza kwa kukisikia mezani miaka kumi na mingapi. Siku moja memsahibu alimuuliza kitu kwa kile Kiswahili chao cha Kisetla, baba akajibu kwa Kiingereza, jibu zuri tu la heshima. Aliambiwa asijifanye. Wiki iliyofuata akarudishwa jikoni ya nje, kuosha sufuria. Alitusimulia mara nyingi, na kila akifika hapo alikuwa anaangalia mikono yake.

Kwa hiyo mnaposema "lugha ya mkoloni", ulizeni kwanza ni ipi. Mkoloni aliyemtawala baba yangu alimtawala kwa Kiswahili. Kiswahili kilichokatwa miguu: lete, peleka, ngoja, toka. Hakina tafadhali, hakina shikamoo, hakina hata wakati uliopita. Kiingereza walikifungia kabatini na ufunguo wakakaa nao. Wengi wa wasetla hawakutaka Mwafrika akijue, maana akikijua atasoma gazeti na barua za bwana. Mtu aliyejifunza Kiingereza siku hizo ndiye alikuwa mkaidi.

Na Sheng? Tulilala tisa chumba kimoja, pazia katikati, wazazi upande ule. Jirani upande huu Mluo, upande ule Mkamba, mbele Mnubi, nyuma Mswahili wa pwani. Ukitaka kumwambia ndugu yako jambo la kitoto bila baba kusikia, utalisema kwa lugha gani? Tuligeuza maneno. Tukachukua ya Mluo, maana baba hayajui. "Mos mos" ni ya Wajaluo, "odiero" ni jina lao la Mzungu. Tulikuwa tunamficha mzazi aliye futi tano kutoka kwetu. Uingereza hatukuiwaza.

#4 Mwana_wa_Ziwani
Mzee, shukrani. Hiyo ya sufuria imeniuma.

Mwalimu (#2), nimepokea marekebisho ya Ngũgĩ. Lakini Mzee, si hicho chumba cha watu tisa mkoloni ndiye aliyekijenga? Nyumba za Waafrika Nairobi zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja kibarua na kitanda chake. Familia hazikutarajiwa. Hata kama mtoto alikuwa anamkwepa baba, aliyewabana pamoja ni nani?

#5 Kimvita_Halisi
Salaam. Nyinyi watu wa bara mwazungumza kana kwamba Kiswahili chenyewe hakina kidonda.

Mwaka 1928 walikutana hapa hapa Mombasa, wakubwa wa serikali na wamishenari, wakachagua Kiunguja kiwe ndicho sanifu. Kimvita, chenye tungo za karne na karne, kikaambiwa kikae kando. 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha, na walioketi mwanzoni walikuwa Wazungu. Ndipo mjukuu wangu leo akiandika "ndia" badali ya "njia", au "ndoo" badali ya "njoo", apigwa kalamu nyekundu na mwalimu aliyezaliwa maili mia sita kutoka baharini. Mwalimu wa #2 aonea huruma -anga ya Bungoma. Ndia yetu je?

Sheng yaniudhi masikioni, sifichi. Lakini mwasema yakataa lugha ya mkoloni. Basi Kiswahili cha vitabuni nacho chapita katika mkono wa mkoloni. Huyu kijana wa Ziwani apigana na mlango gani kati ya hiyo miwili?

#6 Mwalimu_wa_Bungoma
Kimvita, hilo nalikubali bila kubishana. Ila maili mia sita umezidisha. Bungoma si Kongo.

#7 Kimvita_Halisi
Kwa mguu ni mia sita.

#8 Bint_Kariakoo
Shikamoo Mzee wa Pumwani. Wengine mambo vipi.

Naomba niulize kutoka huku Dar, na naomba msinielewe vibaya, kwani Wakenya mkisikia Mbongo anazungumzia Kiswahili mnajiandaa kwa vita 😄. Kama Sheng inakataa Kiingereza, mbona imejaa Kiingereza? Mathe, keja, beshte, yote ni Kiingereza kilichonyolewa nywele.

Huku lugha ya mitaani ipo, tena kali. Lakini tunachimba ndani ya Kiswahili na ndani ya maisha yetu. Noti ya elfu kumi ni msimbazi, kwa sababu nyekundu ni ya timu ya Simba na Simba wako Msimbazi. Elfu moja ni buku, mia tano ni jero. Jiji lenyewe tuliliita Bongo, maana bila ubongo hulali ukiwa umekula. Mtoto wa Kariakoo hakukua akiona Kiingereza kama ukuta wa kila siku. Shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili mwanzo mwisho. Ukuta unaanza sekondari, na ni kweli pale unaumiza. Nilikaa kidato cha kwanza mwaka mzima nikinakili ubaoni vitu ambavyo sikuvielewa, nikiogopa kunyoosha mkono.

Nahisi nyinyi mmepigana na Kiingereza kwa karibu sana mpaka damu yake imewarukia.

#9 Kondakta_wa_Zamani
Bint Kariakoo umeongea. Sasa niwaambie Sheng ni nini kutoka mlangoni mwa gari, nimening'inia hapo miaka kumi na tatu.

Ni chombo cha kazi. Dereva haoni mbele, mimi nimeona askari kwenye mzunguko. Nikipiga kelele "polisi" abiria wote wanajua tumebeba zaidi, na askari naye amesikia. Kwa hivyo lazima kuwe na neno. Tukisema karao, mwaka unaisha, karao mwenyewe anajiita karao. Neno limekufa, unalitupa. Linakuja sanse. Sanse nalo mtoto wa nasari analijua. Ndiyo maana mtu akitoka jela baada ya miaka mitano anaongea kama babu. Lugha imemkimbia.

Pesa ni hivyo hivyo: ashu kumi, mbao ishirini, finje hamsini, soo mia, ngiri elfu. Ukimnong'onezea dereva "toa soo", abiria mgeni kutoka ushago haelewi tumehonga.

Hata jina matatu ni la kazi. Nauli ilikuwa senti thelathini, Wakikuyu wakasema mang'otore matatu, sarafu tatu za senti kumi kumi. 1973 Kenyatta alituruhusu tubebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma, na hapo neno likaenea nchi nzima. Mimi hakuna siku niliwaza Uingereza nikiwa kwa mlango. Niliwaza hesabu ya jioni ya tajiri mwenye gari.

#10 Mzee_wa_Pumwani
Mbao ni pauni. Zamani pauni moja ilihesabiwa shilingi ishirini.

#11 Kondakta_wa_Zamani
Mzee kwa heshima, mimi niliambiwa ni kwa sababu ile noti ilikuwa ngumu kama ubao.

#12 Mzee_wa_Pumwani
Aliyekuambia hakuishika.

#13 Lushois_wa_Kenya_Road
Salamu kutoka Lubumbashi. Mtaa wangu unaitwa Kenya, kwa hiyo nina haki ya kuingia hapa 😄

Bint (#8), swali lako la "mbona imejaa Kiingereza" sisi tunalijua kwa Kifaransa. Vijana wa hapa walikuwa na Kindubile, ndugu ya Hindubili ya Kinshasa ya miaka ya 1950. Wale vijana walijiita Bili, kutoka Buffalo Bill wa sinema za kauboi, na Hindu kutoka sinema za Kihindi. Angalieni hapo: mtawala ni Mbelgiji, anataka useme Kifaransa safi ili upate karatasi ya kuitwa mstaarabu. Kijana akachukua kauboi wa Marekani na mchezaji wa Bombay, akajivisha. Hakumjibu Mbelgiji hata kidogo, alimpita kando. Sijui kama hiyo ni upinzani. Lakini Mbelgiji hakupata alichotaka.

#14 Mkenya_Jozi
Niko Johannesburg mwaka wa nane. Niongeze moja inayonisumbua. Juni 16, 1976 watoto wa Soweto waliingia barabarani kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Na lugha ya mitaa hapa, Tsotsitaal, ile ya zamani ya Sophiatown, msingi wake ulikuwa Kiafrikana hichohicho. Walikikataa darasani na wakakicheza kijiweni. Ukiwa na Kiafrikana ulichokivunja mwenyewe ni chako, ukiletewa kizima na serikali ni cha Kaburu. Nadhani Mwana wa Ziwani hapo anapata nguvu kidogo.

#15 Binti_wa_Dandora
Niaje wasee. Nimengoja mmalize kutuongelea kama tumedead.

Mimi sikuvaa diski, nilizaliwa 2001. Lakini 2024 nilikuwa tao, kwa maandamano. Muswada wa fedha ulikuja kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili. Mathe yangu anauza mboga na ule ushuru wa ndani yake, hadi wa mkate, ungemfikia, na hangeweza kusoma hata ukurasa moja. Watu wetu wakakaa kwa simu, wakaueleza kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za kwao, wengine kwa Sheng. Mimi nilimsomea mathe jikoni, nikitafsiri kwa lugha yenye tunabonga naye. Alikuwa anachambua sukuma. Alisimamisha kisu akauliza, "Kwani mkate umewakosea nini?"

Alafu angalieni neno "salimia". Neno la babu, neno la Mwalimu wa #2. Namba za wabunge zikatolewa, tukaambiana tuwasalimie, simu zao zikalia usiku mzima. Rais akaitwa Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia, tukamwambia ashuke. Hakuna neno la Kiingereza hapo, Bint Kariakoo. Juni 25 wenzetu waliuawa nje ya Bunge, Juni 26 muswada ukarudishwa. Mtaniambia hiyo lugha haikuwa inapinga kitu?

Bunge lenyewe eti limekuwa na Kiswahili tangu 1974.

#16 Mwalimu_wa_Bungoma
Pole kwa mliowapoteza, binti yangu. Kweli, Kenyatta aliamuru Bunge litumie Kiswahili 1974, ila hicho kilikuwa cha kuongea, miswada ikabaki Kiingereza. Katiba ya 2010, ibara ya 7, ndiyo iliyokipa Kiswahili cheo cha lugha rasmi sawa na Kiingereza. Na bado mlilazimika kumtafsiria mama jikoni.

Lakini mimi ningeita hicho Kiswahili. Mtaalamu wa lugha Chege Githiora anasema Sheng ni aina mojawapo ya Kiswahili cha Kenya, na nikisoma mfano wako naona ana haki.

#17 Binti_wa_Dandora
Sawa Mwalimu, basi usinichoree red.

#18 Mwalimu_wa_Bungoma
Mtihani ndio unaochora. Mimi ni mkono tu, na nimechoka kuwa huo mkono.

#19 Bint_Kariakoo
Dada wa Dandora, nimekusoma mara mbili. Hiyo ya mkate nimemsomea mama yangu pia. "Salimia" narudisha maneno yangu. Keja sirudishi.

#20 Kondakta_wa_Zamani
Shida ni kwamba sasa kila mtu ameijua. Kuna redio Nairobi inatangaza kwa Sheng, Ghetto 89.5. Wanasiasa wanaiongea kwa mikutano. Benki inaniandikia ujumbe "niaje msee", benki hiyo hiyo ambayo ukiingia ndani na uwaongeleshe hivyo, mlinzi anakuangalia viatu. Neno likifika kwa bango la barabara ya Thika, kwangu mimi limeshashikwa na karao.

#21 Binti_wa_Dandora
Hiyo ya viatu ni kweli kabisa. Mwaka jana niliitwa mahojiano ya kazi ya kupokea simu. Nilifanya mazoezi ya Kiingereza wiki mbili mbele ya kioo. Nikajibu yote vizuri. Yule mama wa mwisho akaniambia, kwa tabasamu, "Unasikika kama Eastlands." Kazi sikupata. Watoto wa Westlands nao wana slang yao, Kiingereza juu, Kiswahili kidogo ya kuonja. Hakuna mtu huwaambia wanasikika kama Westlands, hata hiyo ni sifa. Kwa hivyo Mzee wa #3, mimi naona kabati bado limefungwa. Siku hizi ufunguo uko na Mkenya.

#22 Mzee_wa_Pumwani
Pole sana mjukuu wangu. Baba yangu angekuelewa.

Mwana wa Ziwani, nina swali nimelibeba tangu #1. Hiyo diski, wewe ulimpa nani?

#23 Mwana_wa_Ziwani
Mzee umenifika.

Darasa la nne aliletwa kijana kutoka Ukambani, mamake alipata kazi ya kufua mtaani. Kiingereza hana, Kiswahili anakokota, Sheng ndiyo kabisa. Nikavishwa Jumatatu asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwake nikamuuliza kitu. Akajibu kwa Kikamba. Nikamvisha.

Sisi wengine tulikuwa tunaipasiana kwa sababu tulijua kuteleza na kutegana. Yeye angemtega nani? Tulikuwa tukiongea Sheng mbele yake, na hakuweza kujua kama hilo neno ni Kiingereza au siyo. Mathe ni Kiingereza? Keja ni Kiingereza? Alikuwa anatuangalia midomo tu. Alikaa nayo karibu muhula mzima, Ijumaa zote. Kamba ilimchubua shingo upande mmoja.

Tulimpa na jina. Tulimwita Disko. Lilibaki hadi tukamaliza la nane.

#24 Kimvita_Halisi
Allah.

#25 Binti_wa_Dandora
Na hiyo pia ilikuwa Sheng.

#26 Mwana_wa_Ziwani
Najua. Nimeandika #1 nzima bila kumtaja.

#27 Kondakta_wa_Zamani
Ngoja kwanza. Mrefu, Mkamba, anatumia mkono wa kushoto?

#28 Mwana_wa_Ziwani
Kushoto, ndiyo. Kwani?

#29 Kondakta_wa_Zamani
Tulifanya naye kazi 58, kabla ya zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004. Tulimwita Disko. Tulidhani ni mambo ya muziki, gari lake lilikuwa na spika kubwa. Na huyo mtu alikuwa anaongea Sheng kutushinda sisi wote, maneno mengine tulikuwa tunamwibia yeye.

Alirudi Machakos, ana duka la vyakula vya mifugo. Namba yake ninayo.

#30 Mwana_wa_Ziwani
Nitumie kwa faragha, tafadhali.

#31 Kondakta_wa_Zamani
Wacha nimuulize kwanza kama anataka.